Jumapili ya Jirani

Katika safu yetu ya nyumba za reli pale Makongeni, mfereji ulikuwa mmoja kwa milango kumi na miwili, na kuna kipindi katika miaka ya tisini ambapo maji yalitoka asubuhi mbili tu kwa juma: Jumatano na Jumamosi. Jumatano haikuwa na neno. Jumamosi ndiyo iliyonitenga na majirani, maana mimi na nyumba yangu tunashika Sabato. Tangu jua la Ijumaa lizame hadi la Jumamosi lizame hatupiki, hatufui, hatuteki maji. Mke wangu alijaza pipa kila Jumatano, nasi tukalitumia kwa kipimo mpaka Jumatano nyingine. Agizo hilo nililipokea kwa baba yangu kule magharibi, nikalichunguza mwenyewe nilipokua, nikaona ni la kweli. Hata leo, na mvi hizi, naliona ni la kweli.

Watu walituzoea. Dada mmoja aliyeuza samaki katika soko la Jericho alikuwa akiniona natoka na Kitabu kwapani, basi ananiuliza mbele ya foleni nzima ya mfereji, "Niaje mzee? Hata mtungi nao umeokoka?" Namjibu, "Umeokoka zamani, tunakungoja wewe," na foleni inacheka.

Mlango uliopakana na wetu ulikuwa wa mama mmoja kutoka Ukambani, mjane, karani katika ofisi za reli, Mkatoliki wa damu. Aliishi na mama yake mzazi, ajuza ambaye kila mtu alimwita Susu, yaani nyanya kwa lugha ya kwao. Tulikuwa tumekaa ukuta kwa ukuta karibu miaka kumi. Ufunguo wetu wa akiba ulikaa kwake. Watoto wangu walikula kwake bila kuomba ruhusa yangu.

Juma moja mke wangu aliamkia homa siku ya Jumatano, nami nilikuwa kazini, karakana ya reli, kwa hiyo pipa halikujazwa. Kufikia Ijumaa tulikuwa tunakwangua chini. Jumamosi tuliporudi kutoka ibadani tulikuta mitungi minne imepangwa mlangoni petu, imejaa mpaka shingoni. Jirani alikuwa amesimama kwake akijifuta mikono kwa leso, anatabasamu.

Hapo nilikosea, na nilikosea kwa namna anayoweza kukosea mtu aliyesoma dini tu. Amri ile haimpumzishi mwenye nyumba peke yake. Inamtaja na mtumishi wake, na hata mgeni aliye kwake. Nilikuwa nimefundishwa, nami nikawa nawafundisha wengine katika darasa la ubatizo, kwamba ukikaa kitako huku mwenzako akifanya kazi kwa ajili yako, Sabato umeivunja kwa mikono yake. Basi nikamwambia, tena kwa upole, "Jirani, Mungu akubariki, lakini maji haya hatuwezi kuyapokea. Yametekwa Sabato kwa ajili yetu."

Akaitazama mitungi, akanitazama mimi.

"Hamwezi kuyapokea."

"Hatuwezi."

"Na kiu ya watoto, hiyo nayo inangoja jua lizame?"

Aliinua mtungi wa kwanza, akaupeleka hadi kwenye mtaro, akaumwaga. Akarudi kuchukua wa pili. Wanawake waliokuwa wakifua karibu na mfereji waliacha kusugua, wakatazama. Alipomaliza wa nne aliingia kwake akafunga mlango.

Ndani, mke wangu alivua kitambaa cha kichwa akaketi. "Baba watoto," alisema, "mama wa watu amepanga foleni tangu saa kumi na moja alfajiri." Siku ile sikupata usingizi wa mchana.

Majuma mawili yakapita bila salamu. Nilisema "Habari ya asubuhi," akawa anashughulika na kufuli. Watoto wangu wakaanza kupita mlango wake mbio, kama watoto wanavyopita nyumba ya msiba. Ilinichoma kwamba nilikuwa nimeishika siku yangu ipasavyo, nikampoteza mtu ambaye kwa miaka kumi hakuwahi kutudai hata shukrani. Nilijua kwamba nisipofanya kitu, tungeishi hivyo mpaka mmoja wetu ahame.

Kazini nilikuwa nimebadilishana zamu na mwenzangu ili niipate Sabato: yeye alinifanyia Jumamosi, nami nilimfanyia Jumapili kuanzia saa saba mchana. Kwa hiyo asubuhi za Jumapili nilikuwa nyumbani. Asubuhi moja kama hiyo nilivaa koti, nikabisha hodi kwa jirani.

Alifungua nusu. "Mzee."

"Nimekuja kuomba msamaha. Kile ninachoamini sijakiacha. Ila ningeweza kuyaacha yale maji mlangoni, nikakushukuru, nikayatumia jioni. Nilikuaibisha mbele ya watu, na wewe ulikuwa umetutendea wema."

"Mimi sikuteka maji ili nikuvunjie Sabato yako. Nilifunua pipa lenu nikaliona tupu."

"Nimeelewa."

"Wewe na siku yako," alisema, na sauti yake haikuwa na ukali tena, ilikuwa imechoka. "Safu nzima inaijua siku yako. Tunanyamazisha redio mkiimba. Na yangu je? Unajua mara ya mwisho nimeenda Misa ni lini?"

Sikujua. Yeye alijua vizuri: ilikuwa kabla ya Susu kupatwa na kiharusi, miezi minane nyuma. Msichana wa kazi alikuwa akipumzika Jumapili, na Susu hakuweza kuachwa peke yake. Miezi minane jirani yangu alikuwa akisikia kengele ya kanisa lake akiwa ameketi kando ya kitanda. Mimi, mwalimu wa kutunza siku, nilikuwa upande wa pili wa ukuta na sikuona lolote.

"Nenda," nilimwambia. "Nitakaa naye. Mpaka saa sita."

Alicheka kwa pua. "Msabato alinde Mkatoliki?"

"Atoroke aende wapi?"

Kutoka ndani, Susu akasema kwa ulimi mzito wa ugonjwa, "Mwache akae. Wewe nenda, kabla hajabadili nia."

Jumapili ya kwanza tulizungumza mambo ya mvua na ng'ombe. Jumapili ya pili aliniomba nimpe kitu kilichoning'inia msumarini juu ya kitanda. Ilikuwa rozari, shanga zake za mbao zimelainika kwa kushikwa. Kiharusi kilikuwa kimeua mkono wake wa kulia, na vidole vya kushoto vilikuwa vimekunjwa na baridi yabisi tangu uzee wake uanze.

"Weka kwenye mkono wa kulia," alisema. "Nikimaliza Salamu Maria moja, unasogeza shanga moja. Binti yangu ndivyo hunifanyia."

Nilibaki nimeishika. Kanisa letu halina sala hiyo, na nimefundisha kwa miaka kwa nini hatuna. "Susu," nilisema, "mimi siombi sala hii."

"Nani amekuambia uombe? Nimekuambia sogeza."

Basi nikasogeza. Alisali polepole, maneno yakitoka moja moja, nami nilikaa kimya nikingoja amina yake. Mara ya kwanza niliruka shanga moja, akagundua. "Rudi," akasema. "Hii si mashine ya karakana." Tulipomaliza mzunguko aliniuliza, "Na nyinyi mkiomba mnahesabu na nini?"

"Hatuhesabu."

"Sasa mnajuaje mmemaliza?"

Nilimwambia kwamba wazee wetu wengine kweli hawajui, na yeye akacheka mpaka nikaogopa kwamba atapaliwa.

Mlango wa Susu uliachwa wazi ili mwanga uingie. Mshiriki mmoja wa kanisa letu alipita akaniona, na Sabato iliyofuata, baada ya ibada ya alasiri, niliitwa mbele ya baraza la wazee.

"Ndugu mzee," mwenyekiti alianza, "tumesikia umeshika rozari."

"Nimeishika."

"Ukaomba?"

"Sala ilikuwa ya Susu. Mkono ulikuwa wangu kwa sababu wake umekufa."

Mmoja alisema kwamba mgonjwa ni mgonjwa, hata Bwana aliwagusa. Mwingine aliuliza, naye hakuwa mtu mbaya, wanafunzi wa ubatizo watajifunza nini wakimwona mwalimu wao na shanga mkononi. Lilikuwa swali la haki. Nilimwambia sina jibu la kumtosheleza.

"Utaacha?" mwenyekiti aliuliza.

"Kufundisha mkiniambia niache, nitaacha. Kwa Susu siwezi. Nimeahidi."

Walinipumzisha darasa kwa miezi mitatu. Nilitoka pale na uchungu, sitaficha. Darasa lile nilikuwa nimelipenda kuliko kazi yoyote niliyopewa kanisani. Lakini nyumbani nilifikiri hivi: hawa nao wanashika wanachokiamini, na wamenisikiliza mpaka mwisho. Nikiweza kumvumilia Susu na shanga zake, nitashindwaje na ndugu zangu? Sabato iliyofuata nilikaa benchi la nyuma, nikaimba kama kawaida. Mke wangu alisema hajawahi kunisikia nikiimba vizuri hivyo, labda kwa sababu mara hii sikuwa naangalia nani amechelewa.

Jirani alikwenda Misa Jumapili baada ya Jumapili. Alirudi na uso mwingine, na safari nyingine alirudi na mandazi ya watoto wangu, ambao walikuwa wameacha kupita mbio. Mke wangu naye alizoea kuja kumgeuza Susu ubavu na kumnyoosha vidole vya mkono wa kulia, kimoja kimoja, kwa mafuta. Tulifanya hivyo bila matumaini makubwa.

Miezi mitatu ilikuwa bado haijaisha. Jumapili moja Susu alisema amina, nami nikapeleka mkono kusogeza. Shanga haikuwepo pale nilipoitarajia. Nikadhani nimekosea tena, nikangoja kukaripiwa. Alisali Salamu nyingine. Nikatazama. Kidole gumba cha ule mkono uliokufa kilijikokota, kikatetemeka, kikaisukuma shanga mpaka ng'ambo ya kidole cha pili.

"Susu," nilisema.

"Nyamaza, utanipotezea hesabu." Alisukuma nyingine, ikamchukua muda mrefu, jasho likamtoka. Kisha akanigeuzia macho. "Leo sikuhitaji. Una Kitabu chako hapo?"

Kilikuwa mfukoni mwa koti, kama siku zote.

"Basi na wewe soma chako."

Nilivuta kiti karibu na mlango penye mwanga, nikafungua. Yeye aliendelea na sala yake kitandani, mimi nikasoma yangu kwa sauti ya chini ili nisimchanganye, na tulikuwa bado hivyo jirani aliporudi kutoka Misa.