Prosesa Iliyokataa Kuingia

Nilikuwa mwalimu Lodwar, na nilipenda kujisifu kwamba najua kompyuta. Kanisa la wakimbizi kule Kakuma likaniomba niwaundie moja, kwa kuwa walipewa prosesa na mfadhili. Nilikwenda Kitale nikanunua madabodi, ule ubao unaobeba sehemu zote, nikitazama bei tu.

Siku ya kuiunda, Mama Furaha, Mkongo aliyefagia kanisa, alinishikia bisibisi. Nilimweleza kompyuta ni nini, polepole, kama ninavyofundisha watoto. Prosesa ikakataa kuingia. Nikaikandamiza mpaka miguu yake ikapinda, waumini wakitazama.

Sikuwa nimewahi kumwuliza mama huyo kwao alifanya kazi gani.

“Mwalimu, wacha,” akasema kwa upole. “Hii na ubao huu haviendani. Kule Bukavu nilikuwaka fundi wa hizi mashini.”