Watoto Sita, Tableti Moja

Nakumbuka Alhamisi moja, mwanangu, tableti ilianguka sakafuni katika darasa langu pale Nyabiondo, nami nikaikimbilia tableti. Jana ulipokuja kunieleza kwamba darasa lako la Nyamitaba limegeuka soko tangu mashine hizo zifike, na kwamba unataka kuzifungia kabatini mpaka watoto wapate adabu, nilicheka, nawe ukanuna. Usinune. Nilicheka kwa sababu nilijiona mwenyewe. Vuta kiti, chai bado ni ya moto.

Wakati huo nilikuwa nimeshavuka miaka arobaini, lakini mbele ya kazi ile mpya ya tableti nilikuwa kijana kabisa, na kiburi cha kijana sikukikosa. Nilifundisha darasa la sita. Sifa yangu ilikuwa moja tu, ukimya. Walimu wenzangu wakipita dirishani walidhani nimewarudisha watoto nyumbani. Niliipenda sifa hiyo kuliko ninavyopenda kukiri leo.

Tableti nane zililetwa kwa pikipiki, zimeviringishwa ndani ya blanketi, pamoja na paneli ya sola ya kuzichaji. Masomo yalikuwa ndani yake tayari, hayakuhitaji mtandao, na hilo lilikuwa jambo jema, maana mtandao wa kwetu unaujua, mtu hupanda kilima kuutafuta. Mtoto akijibu vizuri, kengele ndogo inalia na alama ya kijani inatokea. Papa Direkta, mkuu wa shule yetu, alinitaka nitie sahihi kwa kila tableti, moja moja, kisha akaniambia, "Madamu, bintu hii yote iko mu mikono yako." Tangu siku hiyo nilizichunga kuliko nilivyochunga mbuzi wa baba yangu.

Watoto walikuwa arobaini na wanane, kwa hiyo ikawa watoto sita kwa tableti moja. Nikafanya ambalo kila mwalimu wa kwetu angefanya: kila kikundi nikakipa shefu, yaani kiongozi. Sisi hatuwezi kukaa hata watu watatu bila kumtafuta shefu. Nikachagua waliojua Kifaransa, kwa kuwa masomo yalikuwa kwa Kifaransa, nikatoa amri. Shefu peke yake ndiye atakayegusa. Wengine wataangalia, midomo imefungwa.

Ah, mwanangu, lilikuwa darasa la kupendeza kulitazama! Kimya kabisa, na ndani ya ule ukimya kengele zinalia, huku moja, kule moja. Kila kengele nilijiambia, haya, wamejua. Nikaandika pointi kwa kikundi na kwenda nyumbani nikiwa na furaha.

Shefu wa kikundi cha tatu alikuwa Gloire, mtoto wa muuguzi, mwepesi kwa kila kitu. Nyuma ya bega lake alikaa Neema, msichana wa miaka kumi na mitatu, aliyekimbia vita na mama yake kutoka upande wa Pinga. Kifaransa chake kilikuwa kidogo, na sauti yake ndogo zaidi. Kwa wiki nne Neema alitazama kiwiko cha Gloire, nami sikuona, nilikuwa nasikiliza kengele.

Jumatatu ya wiki ya tano mama yake alisimama mlangoni na jembe begani. Wewe hukumjua Mama Neema. Mwanamke mfupi, hapandishi sauti, lakini akianza kusema unaweka chaki chini.

"Madamu, nakuja kutosha mutoto yangu, nimurudishe nyumba," alisema. "Anasema kwa masomo iko anaangalia tu mugongo ya batoto bengine. Kama ni kuangalia, ataangalia mudogo wake kule nyumba, mi niende kwa shamba."

Nilikasirika, nisikufiche. Nikafungua daftari langu na kumwonyesha. Kikundi cha tatu kilikuwa na tisa juu ya kumi!

Alitazama ile tisa kwa heshima kabisa, halafu akauliza, "Ile tisa ni ya nani?"

Nikamwita Neema, nikamkabidhi tableti aonyeshe anachojua. Aliishika kama mtu anayeshika sufuria iliyotoka motoni. Hakujua hata mahali pa kuiwashia. Wiki nne, mwanangu! Darasa zima likatazama chini, na mimi nikatafuta pa kuweka uso wangu.

Mama Neema hakunicheka. Alishusha jembe. "Sisi kwa shamba tunapandaka maharagi batu batatu," alisema. "Moja anapasua udongo, mwingine anatupa mbegu, mwingine anafunika. Wa jembe akichoka mugongo, tunabadilisha. Neema anapandaka tangu iko na miaka tano. Hakuna mwenye alimwambia aangalie tu."

Nilimwomba aniachie mtoto siku chache. Akafikiri sana, maana siku za kupanda hazingoji na mkono wa Neema ulihitajika. "Mpaka posho," akasema, yaani Jumamosi. "Posho nitakuja kuona. Kama angali anaangalia, namubeba."

Sikuenda kutafuta kitabu cha kunifundisha. Nilichukua maneno yake kama alivyoyasema. Kesho yake nikawaambia watoto kwamba hakuna shefu tena. Mmoja atagusa, mmoja atasoma swali, mmoja ataligeuza kwa Kiswahili ao Kihunde ili wote waelewe, mmoja ataandika jibu kwenye daftari, na wawili watauliza kwa nini jibu liwe hilo. Nikipiga makofi, wanabadilishana. Anayejua asaidie kwa mdomo, mikono yake ikae mgongoni. Na pointi sitakipa kikundi mpaka yule nitakayemwonyesha kidole, yeyote, aweze kunieleza.

Kelele! Kufika saa nne kichwa kinaniuma, na Papa Direkta amechungulia dirishani mara mbili akidhani wanapigana. Gloire aliweka mikono mgongoni na uso wa mtu aliyeonewa na dunia nzima. Kengele zilipungua sana. Jumatano jioni nilikaribia kurudisha mashefu wangu wote, maana niliukosa ukimya wangu kama mtu anavyokosa mboga yake ya sombe akiwa safarini.

Ndipo ikaja Alhamisi. Zamu ya kugusa ilikuwa ya Neema. Kengele ikalia mara moja, ikalia mara ya pili, na kikundi chote kikasogea kuona. Tableti ikateleza mezani, ikaanguka kwenye saruji.

Niliinama kwanza kwa tableti. Nikaiokota, nikaifuta kwa kitenge changu, nikaigeuza na kuona ufa kutoka pembe hadi pembe. Nikasema, "Nani?" kwa sauti ambayo sitaki uisikie. Nilipoinua macho, Neema hayupo. Mlango ulikuwa wazi na daftari lake limebaki juu ya meza.

"Madamu, ni mi," Gloire akasema, machozi tayari yamefika. "Nilitia mukono. Nilitaka kumuonesha."

Nikalichukua lile daftari, mwanangu, na hapo ndipo niliposhikwa. Kwa wiki nne Neema alikuwa amenakili kila swali, kwa mwandiko mzuri, na chini ya kila swali ameacha nafasi ya jibu. Kurasa na kurasa, maswali tu, na nafasi tupu. Majibu yalianza Jumanne ya wiki ile. Nilikaa kwenye dawati la mtoto nikalia mbele ya darasa, nami sikuwa mwalimu wa kulia.

Mchana nilikwenda kwao na Gloire, tableti ndani ya mkoba. Mama Neema alikuwa akimenya mihogo, na Neema amejificha nyuma ya nyumba. Niliiwasha ile tableti pale pale uani, na ufa wake, nikagusa jibu, kengele ikalia. Mama Neema akacheka mpaka kisu kikamponyoka. "Kumbe iko muzima! Jembe yangu ilishavunjika mupini mara ngapi, na tunalimaka tu."

Halafu nikafanya jambo ambalo walimu wa kwetu hatulifanyi. Nikamwita mtoto, nikamwambia, "Neema, unisamehe. Niliokota kitu, nikakuacha wewe."

Alimtazama Gloire, akaitazama tableti, akauliza kwa ile sauti yake ndogo, "Kesho ni zamu ya nani ya kugusa?"

Jumamosi mama yake alifika kama alivyoahidi, na jembe lake. Nikamwambia, mama, leo onyesha kidole wewe, chagua utakaye. Nilidhani atamchagua binti yake. Yeye akapitisha macho polepole kwenye kikundi cha tatu, akamwonyesha kidole Baraka, mdogo kuliko wote, ambaye mimi mwenyewe sikuwahi kumsikia akisema zaidi ya "ndiyo, Madamu." Swali lilikuwa robo tatu ya kumi na mbili. Baraka alitoa maharagi mfukoni, akayagawa mafungu manne juu ya meza, akasogeza matatu mbele na kusema, "Tisa."

"Nani alikufundisha vile?" Mama Neema akauliza.

"Ni Neema."

Akabeba jembe. "Bon. Mi naenda kwa shamba. Masomo ikiisha, atanikuta kule." Akaondoka bila kugeuka. Mimi nikaugeukia ubao, nikafuta mahali palipokuwa pamefutwa tayari.

Mtihani wa kumaliza primeri Neema aliupita. Gloire alimzidi kwa pointi mbili tu, na hakuzifurahia hata kidogo.

Basi, mwanangu, usizifungie kabatini. Kelele za watoto wanaoelezana ni kazi, zijue na uzitofautishe na fujo. Utajua, masikio yako ni mazuri kuliko yangu. Usimpe mtoto mmoja tableti ukadhani umewapa sita. Zungusha zamu, na yule mwepesi umfundishe kusaidia bila kunyang'anya, maana hilo kwake ni somo gumu kuliko hesabu. Usiniletee pointi za kikundi mpaka umemsikia aliyekaa nyuma ya bega. Pitia madaftari yao, utafute zile nafasi tupu. Na mzazi akija mlangoni na jembe, msikilize mpaka amalize.

Mungu akutangulie katika barabara ya Nyamitaba, akupe afya, uvumilivu na jua la kutosha kwenye paneli yako. Akupe watoto watakaokuuliza maswali usiyoyajua. Na siku kitu kitakapoanguka sakafuni, kwa sababu kitaanguka, akujalie macho yako yamtazame kwanza mtoto.