Nguo Zishakatwa

Nyinyi vijana wa hapa mtaani Alief, na nyinyi wa mji wa Dallas mnaokuja kwangu kila Idi mkarudi na vyombo vyangu, haya nayaandika kwa ajili yenu. Sikusoma sana. Skuli nilitolewa darasa la nne, na sababu yake nitawaambia huko mbele. Msinitafutie makosa ya herufi. Tafuteni maana.

Nakumbuka siku moja, Jumanne, nimeketi sakafuni sebuleni nakata kitambaa. Buluu na njano, rangi za skuli ya mjukuu wangu Salim. Tulikuwa tukishona sare, kama zinavyoshonwa za harusi, ili wanawake wote wa kwetu wavae namna moja. Jumamosi ile Salim angeanzishwa katika timu kubwa ya skuli, na nafasi aliyopewa ni ile wanayoiita kwotabeki.

Kwa asiyejua: mpira huu wa Kimarekani hushikwa mkononi. Kwotabeki husimama nyuma ya wenzake, hupewa mpira, na kwa muda wa pumzi moja au mbili lazima aamue amrushie nani. Wakati huo wale wa upande wa pili, watoto wenye shingo kama za mafahali, wanamjia yeye. Kazi yao ni kumwangusha. Si rafu hiyo, ndio mchezo wenyewe.

Salim alikuwa na miaka kumi na mitano. Aliyekuwa na nafasi ile, kijana wa miaka kumi na minane, alivunjika mtulinga, mfupa wa begani. Kocha akabaki na wawili: kijana mmoja wa mwaka wa mwisho, mzito wa mkono lakini ameyaona mengi, na Salim, ambaye mpira ulimtoka kama jiwe la manati lakini hajasimama hata mara moja mbele ya timu kubwa. Kocha hakuwa mtu mbaya, na sitaki mje mumsingizie. Alimpigia simu mwanangu Athumani, babake Salim, akamwambia wazi: mkono anao, kifua bado. Akikaa benchi mwaka huu akatazama, mwakani atakuwa mtu. Akianzishwa sasa anaweza kuwang'arisha, na anaweza kuumia. Nyinyi mkisema asubiri, atasubiri.

Athumani akaja kwangu, maana nyumba ile neno la mwisho lilikuwa langu.

"Mama, unaonaje?"

Mimi katika maneno yote yale nilisikia moja tu. "Benchi? Tumetoka Mombasa mpaka huku, wewe unaendesha lori mpaka mgongo umekuisha, ili mtoto akakae benchi?"

"Kocha anasema bado mdogo."

"Kwani mimi nilikuwa mkubwa nilipoanza kuzaa?"

Akatoka kwenda kumjibu kocha kwamba mtoto aanzishwe. Saa haijapita nikawa nimeshapiga simu Dallas, na kesho yake niko Stafford dukani napimiwa kitambaa. Wanangu, haukuwa moyo mbaya. Miaka tuliyokaa hapa tulikuwa watu wa kuosha wazee wa watu na kubeba maboksi, na jina letu hakuna aliyeweza kulitamka. Sasa mtoto wetu atatajwa kwenye kipaza sauti. Nilitaka kulisikia jina lile. Nawaambia kweli, nililitaka kuliko yeye.

Basi Jumanne ile Salim akarudi kutoka mazoezini, akasimama mlangoni na mkoba begani. Hakuingia. Aliogopa kukanyaga kitambaa.

"Nyanya."

"Mm."

"Nataka kukwambia kitu, lakini usikasirike."

"Nikikasirika utajua. Sema."

Akaanza kwa Kizungu, nikamkazia macho, akarudi kwenye Kiswahili. "Siko tayari. Nikipewa mpira siwaoni wenzangu. Naona miguu tu inakuja. Jana nilifunga macho, Nyanya. Mpira uko mkononi, nimefunga macho."

"Woga huo. Utakutoka."

"Mwambie Baba amwambie kocha nisubiri. Wallahi mwakani nitacheza."

Mkasi ulikuwa katikati ya kitambaa, umeshafika kiunoni mwa gauni la dadangu wa Dallas. Sikuuinua. Nikamwambia, "Nguo zishakatwa, Salim."

Akavitazama vile vipande, pale chini, na juu ya kochi, na juu ya meza ya kulia. "Okei, Nyanya," akasema. Akapita kando kando ya ukuta asikanyage kitu, akaenda chumbani kwake. Alikuwa mtoto wa adabu. Hilo nalo nalijutia, kwamba adabu niliyomfunza ilikuwa ya kunyamaza.

Mtu mmoja tu alikataa gauni langu. Bi Mwanakombo, mzee wa Kizanzibari aliyekaa ghorofa ya juu yetu, alilipokea, akaligeuza, akanirudishia. "Mimi sare navaa harusini. Hii harusi ya nani?" Nikashuka ngazi nikisema moyoni, husuda hiyo, hana mjukuu wa kumringia.

Jumamosi saa nane mchana tulikuwa uwanjani, wanawake thelathini na kitu, tumejaa kwenye viti vya bati vinavyochoma kama kikaango. Jina likatajwa, limevunjwa vunjwa, lakini likatajwa. Tukapiga vigelegele mpaka Wazungu wakaja kutupiga picha.

Mara ya kwanza aliyoangushwa niliuma leso yangu. Ya pili nikasema atazoea. Ya tatu nikasimama nione vizuri. Mara ya nne alianguka chali, kichwa kikapiga chini, akainuka. Lakini alipoinuka hakurudi kwa wenzake. Alikwenda akasimama katikati ya wale wa timu nyingine, kama mgeni aliyekosea nyumba, anangoja akaribishwe. Watu wakacheka. Sisi tukadhani ni ujanja wa mchezo. Tukapiga vigelegele, na aliyeanza ni mimi.

Mwenzake akamshika mkono akamrudisha. Kocha akamuuliza jambo, naye akaitikia kwa kichwa. Mpira uliofuata aliupokea akasimama nao. Hakurusha, hakukimbia. Kutoka kule juu huwezi kuyaona macho ya mtu ndani ya helmeti, lakini mimi nilijua yamefungwa. Wakamjia wawili.

Hakuinuka tena.

Hospitalini walimpasua kichwa kutoa damu iliyojaa ndani. Sisi tulikuwa chumba cha kungojea, tumekaa safu nzima, buluu na njano. Muuguzi mmoja, Mkenya wa bara, alipopita akatuuliza kwa upole kama tumetoka harusini.

Jua lilikuwa halijazama Bi Mwanakombo alipoingia na buibui lake, ameletwa na jirani. Hakusalimu. Akasimama mbele yetu.

"Nani alimuuliza mtoto?"

Wanawake wakainamia magauni yao.

"Mmeshona nyote. Nauliza, nani alimuuliza kama anataka?"

"Alinambia hataki," nikasema. Nilikuwa sijamwambia mtu. Athumani alikuwa amekaa karibu yangu, akageuza uso akanitazama.

"Ukamjibu nini?"

"Nikamjibu nguo zishakatwa."

Bi Mwanakombo akakaa chini, pole pole, magoti yanamuuma. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Maneno kama hayo mtu hayatungi, hurithi. Wewe ulipewa na nani?"

Wanangu, nilikuwa na miaka hamsini na tatu siku ile, na swali lile likanirudisha nikawa na kumi na minne. Nimetoka skuli, daftari liko kifuani, nawakuta mashangazi wamejaa uani wanakata leso za sare. Nikauliza harusi ya nani. Wakacheka. Yangu. Nikamfuata mama jikoni nikamwambia mama, bado, sitaki, niache nimalize mwaka. Alikuwa akikuna nazi, hakusimamisha mkono. "Nguo zishakatwa, mwanangu. Watu watasema nini?"

Mwaka haukuisha nikashikwa na uchungu, siku tatu. Mtoto alitoka ameshakufa. Athumani alikuja baadaye sana. Na mimi niliapa, nimelala juu ya kitanda kile cha kamba, kwamba mtoto wangu hataambiwa vile. Basi nilisahau? Sikusahau. Niliyaweka yale maneno mahali mkono unapopajua hata gizani, na siku nilipotaka kitu cha kumnyamazishia mtoto, mkono ukaenda pale pale.

Haya yote nilimwambia Bi Mwanakombo mbele ya watu. Hakunipoza. Alisema, "Sasa unajua. Na kujua kwako hakumwamshi."

Salim aliamka baada ya siku kumi na moja. Yuko hai, Alhamdulillahi, na nipo naye. Mguu wa kulia anauburura. Anaanza neno likamponyoka, akangoja, lisirudi. Kelele hawezi, na kigelegele kikipigwa hata kwenye televisheni anaziba masikio na kuchutama pale alipo, iwe ni dukani, iwe ni msikitini. Watu wanasema amepona. Mwenye kovu usidhani kapoa. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wangu mimi anaitwa Salim, na kila asubuhi namfunga kamba za viatu.

Athumani hakusema nami miezi miwili. Sasa ananisalimu, ananiletea dawa, ananiita Mama kama zamani. Lakini "unaonaje" hajaniuliza tena.

Kuna vijana huja kunitazama, wakiona ule mpira kwenye televisheni wanabishana: timu imwanzishe huyu mchanga au ingoje? Kisha wananigeukia, wanataka kusikia nitasema mchanga asianzishwe kamwe. Sisemi hivyo. Kila fundi alikuwa na siku yake ya kwanza, na wapo wa miaka kumi na mitano waliosimama pale wakatoka wazima. Wala benchi si aibu. Anayekaa akatazama hajapoteza kitu, na kutangulia si kufika. Ninalosema ni kwamba mwenye kuangushwa ndiye aulizwe kwanza, kabla ya kocha, kabla ya baba, kabla ya nyanya na fahari yake. Na akisema bado, hilo ni jibu. Wazee tuna methali ya kila uovu wetu. Mimi ningeweza kuwaambia mchelea mwana kulia hulia yeye, na ningeonekana nina hekima. Methali haina kosa. Kosa ni la aliyeishika kama fimbo.

Nanyi vijana, mkisema bado tusipowasikia, semeni tena. Semeni mbele ya watu wengi. Simameni juu ya kitambaa chenyewe mkikanyage. Salim alisema mara moja tu, akapita ukutani, kwa sababu alinipenda. Simlaumu yeye hata kidogo. Nyinyi msitupende namna hiyo.

Mungu awape kinywa cha kusema na mzee wa kuwasikiliza. Awarudishe nyumbani kwa miguu yenu, na vichwa vyenu vikiwa vizima.

Mwezi uliopita imekuja posa kutoka Dallas, ya Rukia, dadake Salim. Ana miaka kumi na tisa, na bado anasoma. Simu hazikukatika, shangazi huyu anataka zambarau, yule anataka kijani. Kitambaa kikaletwa mpaka kwangu, mtumba mzima, ukawekwa sebuleni. Rukia akapita kando ya ukuta.

Nikawaita wote, Athumani, mkewe, na mashangazi kwenye simu. Nikauchukua mkasi nikautia ndani ya sanduku langu, nikafunga, ufunguo nikampa Rukia mkononi. Nikawaambia: "Ufunguo huu asiuguse mtu. Asipimwe mtu, usikatwe hata uzi, mpaka Rukia mwenyewe alifungue sanduku. Na asipolifungua, kitambaa kirudi dukani, wala asiulizwe kwa nini."