Miguu Iliyotangulia

Nikiwa mtoto wa miaka tisa hivi, kijijini kwetu Choma, nilizijua kazi zote za shamba isipokuwa moja: sikuruhusiwa kupanda. Nilizaliwa nimetanguliza miguu, na kwetu mtoto wa namna hiyo huitwa Kashinje, jina ambalo limenifuata mpaka leo ingawa mchungaji alinibatiza Rehema. Bibi mzaa mama, ambaye ndiye aliyenilea, alikuwa Mmoraviani wa kukaa benchi la mbele, lakini jambo hili hakulipeleka kanisani.

Wakati wa kupanda, mtu mzima hutangulia akitoboa mashimo kwa jembe, na mtoto humfuata akidondosha mbegu na kuifukia kwa mguu. Hapo ndipo penye shida. Bibi alisema mbegu ikifukiwa na miguu iliyotangulia kuiona dunia hugeuka nayo, mzizi ukaenda juu na jani likaenda chini, kisha njaa ikaingia nyumbani. Hakunisema kwa ukali. Siku za kupanda alinitafutia kazi nyingine, nifukuze kuku, nichote maji, na jioni aliniwekea ukoko mkubwa kuliko wa wenzangu. Niliula huku nimenuna.

Mwaka huo kanisa letu lilipata mwalimu mpya wa vijana, Mwalimu Enosi, mtoto wa mjini, wa Cheyo kule Tabora. Alitugawia kipande cha shamba la kanisa tulime wenyewe. Mvua ya kwanza iliponyesha, Jumamosi asubuhi tukajipanga, naye akanikabidhi bakuli la mahindi bila kufikiri mara mbili.

"Kashinje, utanifuata mimi mstari huu."

Wenzangu wakatazamana. Kisha Masanja, mtoto wa jirani yetu, akasema, "Mwalimu, huyo hapandi. Alitanguliza miguu."

Mwalimu akaitazama miguu yangu, nami nikajaribu kuuficha mmoja nyuma ya mwingine. "Mimi nilizaliwa kwa upasuaji," akasema. "Basi nikipanda, mahindi yatatoka yameshonwa?"

Wakacheka, hata mimi. Kisha akaacha mzaha, akaniuliza kama ninataka. Nikaitikia kwa kichwa. Akaniombea maneno machache tu, nikapanda mstari mzima, na kwa kila shimo nikasema kimoyomoyo, "Yesu, usiigeuze." Nyumbani sikusema kitu.

Mvua ikakata. Siku ya tano mama Masanja akaja kwa bibi, akatoa shikamoo ya harakaharaka na hata kukaa hakukaa. "Mjukuu wako kapanda shamba la kanisa," akasema. "Sasa tazama jua hili. Lisemwalo lipo." Akaenda zake.

Nilikuwa nimejibanza nyuma ya jiko. Sikuogopa kuchapwa. Niliogopa kwamba ni kweli, kwamba kijiji kizima kitalala njaa kwa sababu yangu, na kwamba bibi atanirudisha Nzega kwa mama, ambako mume wake hakunitaka.

Bibi hakunigombeza. Alijifunga kanga yake, akanishika mkono, tukaenda mpaka shamba la kanisa.

"Mstari wako ni upi?"

Nikamwonyesha. Akapiga magoti, akafukua shimo la kwanza kwa kidole, taratibu. Punje mbili zilikuwa zimepasuka, na mizizi myeupe imeelekea chini. Akafukua la pili na la tatu, yote yalikuwa vilevile.

"Umeona, bibi?" nikauliza huku nalia.

"Nimeona," akasema, akazifukia tena kwa mikono yake.

Ningependa kusema kwamba mvua ilinyesha siku hiyo. Haikunyesha. Miche yetu ilikauka, na ya mama Masanja, ambaye watu wake wote walitanguliza vichwa, ikakauka vilevile. Mvua iliporudi, baada ya majuma matatu, ilibidi kijiji kizima kipande upya. Bibi alikuwa amebakiwa na mahindi machache tu ya mbegu, yaliyoning'inia juu ya jiko. Ndiyo yalikuwa ya mwisho. Aliyapukuchua kwenye bakuli, akabeba jembe, na tulipofika shambani akanipa mimi lile bakuli. Akaomba kwa sauti, kisha akatoboa shimo la kwanza.

"Haya, mama, fukia."

Nikafukia. Akaendelea kupiga jembe mpaka mwisho wa shamba, na hakugeuka hata mara moja kunikagua.

Tulivuna kidogo, kama kila mtu. Leo ninafundisha vijana wa kanisa letu Igunga mjini, na wengi wao hudhani imani ni kutoogopa. Juzi binti mmoja aliniambia kwamba yeye si Mkristo wa kweli kwa sababu bado anaogopa kurogwa. Nilimsimulia mazungumzo yangu na bibi, miaka mingi baada ya msimu ule, alipokuwa mgonjwa nami nikimnywesha uji.

"Bibi, siku ile uliponipa mbegu, ulikuwa unaogopa?"

"Mno. Usiku wake sikulala."

"Hata baada ya kuiona mizizi?"

"Hata baada ya kuiona."

"Sasa kwa nini ulinipa?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kipuuzi. "Mungu alinipa wewe kabla hajanipa ile mbegu," akasema. "Ulitaka nichague nini?"

Nikaendelea kumnywesha uji. Tangu hapo nimewasikia wahubiri wengi wa sauti kubwa wasioogopa chochote, na ninawaheshimu. Lakini aliyenifanya nimwamini Mungu ni bibi yangu, ambaye aliogopa sana, na bado akanikabidhi chakula chetu cha mwaka mzima.