Kazi Moja, Wanawake Wawili

Kijiji chetu kilikuwa mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Kinampanda. Tulihamia pale nikiwa sijaanza shule, wakati watu walipoambiwa watoke kwenye mashamba yao ya kutawanyika wajenge pamoja. Kabla ya hapo nyumba yetu ilikuwa peke yake ubavuni mwa miamba, na kwenda kwa jirani ilikuwa safari. Baada ya kuhama tukajikuta tumepangwa kwenye mstari, nyumba baada ya nyumba, hata ukikohoa mtu wa pili anakupa pole. Baba hakuupenda mstari ule. Mama aliupenda tangu wiki ya kwanza, kwa sababu ya mwanamke wa nyumba iliyofuata.

Mwanamke huyo alimzidi mama umri, kwa hiyo sisi watoto tulimwita mama mkubwa. Alikuwa mjane, mnene, mwenye sauti inayoweza kurudisha ng'ombe kutoka ng'ambo ya korongo. Watoto wake walikuwa wameshaoa na kuolewa, akabaki na mama mzazi wa marehemu mumewe, bibi kizee ambaye hakuweza kuinuka kitandani bila kushikwa. Mama yangu alikuwa mwembamba, si msemaji. Alikuwa amesoma mpaka darasa la nne, jambo ambalo kwa wanawake wa rika lake kijijini lilikuwa la kuhesabika kwa vidole. Nyumbani alisema nasi Kinyiramba. Kiswahili alikiweka kwa ajili ya wageni na barua.

Zahanati ilijengwa kwa nguvu zetu wenyewe. Hata mimi nilibeba matofali mabichi, moja moja, kichwani. Ilipokamilika aliletwa mganga, na kijiji kikamchagua mwanamume mmoja awe mhudumu wake: kuchemsha sindano, kufagia, kupanga foleni, kupima watoto uzito. Yule bwana hakukaa hata mwaka. Alisikia habari za dhahabu ya Sekenke, akafunga blanketi lake akaondoka.

Mkutano wa kumtafuta mhudumu mwingine ulifanyika kwenye uwanja wa shule, nami nilikuwepo nikiwa nimembeba mdogo wangu mgongoni. Mganga alieleza kwamba safari hii angependa mwanamke, kwa sababu wajawazito walikuwa wanaona haya, wengine wakifika mlangoni wanageuka. Mwenyekiti akasema vyema, ila kazi ni ya kutwa, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Mwanamke gani anaiweza?

Wanawake waliinamisha vichwa. Maji yalikuwa mbali, kuni mbali zaidi, na shamba la kijiji lilikuwa na siku zake. Ndipo mama mkubwa akasimama, akamvuta mama yangu kwa ncha ya khanga mpaka naye akasimama.

"Ndugu mwenyekiti," alisema, "siku ina asubuhi na ina alasiri. Huyu mwenzangu anaiweza asubuhi. Mimi naiweza alasiri."

"Nafasi ni moja, mama."

"Na sisi tunaomba hiyo hiyo moja."

Watu walicheka. Mzee mmoja wa mbele akasema kwamba chungu kimoja kikipikwa na watu wawili kitaungua. Mama mkubwa hakungoja amalize.

"Kinaungua wakipika kwa wakati mmoja, mzee wangu. Sisi hatutakutana jikoni."

Mganga ndiye aliyewaokoa. Alisema yeye anataka sindano zichemshwe, hajali zimechemshwa na mikono mingapi. Wakapewa kazi kwa majaribio.

Mpango wao sikuuona kuwa wa ajabu wakati ule, nilidhani ndivyo kazi zote zinavyofanywa. Asubuhi mama alimwacha mtoto wetu wa kunyonya kwa mama mkubwa, ambaye alikuwa nyumbani akimuuguza bibi. Saa saba mchana mama alirudi, na mama mkubwa akatoka. Walikutana njiani, katikati ya nyumba zetu na zahanati, wakati nami natoka shule. Mama alivua aproni ya kijani akampa mwenzake, akampa na ufunguo wa kabati, kisha yeye akapokea mtoto kutoka kwake. Kisha wakasimama pale pale juani wakipeana habari: mtoto wa fulani joto halijashuka, mama fulani miguu imevimba, asiondoke mganga hajamwona. Aproni ile ilimzunguka mama mara mbili, na kwa mama mkubwa haikufika kufungwa nyuma. Alasiri mama alimlisha bibi uji, akamgeuza, akamwosha, huku mtoto akitambaa chini ya kitanda.

Hadi leo nikisikia harufu ya spiriti nauona mlango wa zahanati ile, na mzani ulioning'inia kwenye boriti, watoto wakipiga mateke na kulia ndani ya mfuko wa turubai. Nawaona wanawake waliokuja kutoka mbali na kuku mkononi kama shukrani, wakimsalimia mama kwa heshima ambayo sikuwahi kuona akipewa kabla. Naye alibadilika. Alianza kucheka kwa sauti. Siku moja nilimsikia akimkatalia baba jambo, kwa upole kabisa, huku anakoroga mlenda.

Baba mwanzoni hakutaka. "Watasema nimeshindwa kukutunza," alisema.

"Waseme," mama akajibu. "Wakimaliza watakuja kupima watoto wao."

Lililomshinda baba kwa kweli lilikuwa maji. Mama aliporudi mchana kisima kilikuwa kimeshakauka, ilibidi yachotwe alfajiri, na alfajiri mama alikuwa anatwanga, anapika, anatuosha. Kwa wiki mbili tulipata maji ya tope. Wiki ya tatu baba aliamka kabla ya jogoo, akamfunga punda madebe, akaenda mwenyewe. Nilifuatana naye. Tulipofika kisimani kulikuwa na wanawake tu, na vijana wawili wanaonywesha ng'ombe. Kijana mmoja akauliza kwa sauti, "Mzee, siku hizi ndoa imegeuka?"

Baba aliinama kisimani. Alichota, akafunga madebe, akamgeuza punda. Njiani masikio yake, nakumbuka, yalikuwa yanawaka kama ya mtu aliyepigwa. Nilidhani hatarudi tena. Kesho yake alikwenda, na kesho kutwa, mpaka ikawa kazi yake. Baadaye wanaume wengine wawili wenye punda nao wakaanza kwenda, wakidai kwamba punda wao hawataki kuongozwa na wanawake.

Miaka mitatu ilipita hivyo. Ilikuwa miaka mizuri ya utoto wangu, ingawa chakula hakikuwa kingi kila mwaka. Bibi kizee alifariki kwa amani mikononi mwa mama, wakati mama mkubwa yuko zamu. Mdogo wangu alikua akiita wote wawili mama.

Kisha ikaja barua kutoka wilayani. Kila zahanati itume mhudumu mmoja akasomee ukunga kwa miezi sita, akirudi awe mwajiriwa kamili. Mganga aliwasomea wote wawili siku hiyo hiyo, nao walishikana mikono kama wasichana. Barua ilikuwa na mstari mmoja zaidi: anayetumwa awe mtumishi wa kutwa.

Kamati ilipokutana, mmoja wa wajumbe akauliza nani kati yao ni wa kutwa. Hakuna. Basi, akasema, kwa mujibu wa barua wote wawili hawafai. Na kwa bahati yule bwana wa Sekenke alikuwa amerudi, amekonda, hana dhahabu wala blanketi. Yeye alikuwa wa kutwa. Aende yeye.

"Kwa miezi minane!" mama mkubwa alipiga kelele. "Na sisi miaka mitatu!"

"Nusu mbili, mama," mjumbe alisema, wala hakusema kwa ubaya. "Barua haisemi nusu."

Waliwapa siku tatu za kufikiri, kwa sababu mganga alikataa kutia sahihi.

Jioni ile walikaa nyuma ya nyumba yetu, mimi nikichambua mboga hatua chache tu kutoka kwao.

"Nenda wewe," mama mkubwa alisema. "Mimi kusoma nimejifunzia ukubwani, kwenye darasa la watu wazima. Wewe unasoma barua bila kusimama. Nitaacha nusu yangu, wewe utakuwa mzima."

Baba, ambaye sote tulidhani anatengeneza mpini wa jembe na hasikii, akasema kutoka alipokuwa, "Aende. Watoto nitabaki nao."

Sijawahi kusahau jinsi mama alivyogeuka kumtazama. Alimtazama kama mtu anayeonyeshwa kitu kizuri dukani siku ambayo hakuja na hela. Kisha akaweka mkono tumboni.

"Mwezi wa nne huu," alisema. "Nitajifungulia darasani?"

Hakuna aliyejua isipokuwa yeye. Mama mkubwa alianza kulia, yeye ambaye hakulia hata kwa bibi. Mama hakulia. Alisema tu, "Basi nusu yangu chukua wewe."

Siku ya tatu alikwenda mbele ya kamati, Kiswahili chake kimenyooka. "Ndugu wajumbe, andikeni kwamba mimi nimeacha kazi leo. Kuanzia leo huyu ni wa kutwa. Mtume jina lake." Mganga akatia sahihi pale pale.

Mama mkubwa aliondoka na lori la pamba, kikapu chake kikiwa na daftari tatu ambazo mama alimnunulia. Mama alirudi kwenye jembe. Hakulalamika, lakini miezi ile nilimwona akifanya mambo ambayo sikuyaelewa: alikuwa akinawa mikono mpaka viwikoni kabla ya kushika chochote, kama alivyokuwa akifanya zahanati, na saa saba mchana aliacha alichokuwa akikifanya, akasimama kidogo mlangoni akitazama njia. Mdogo wetu wa mwisho alizaliwa mwezi mmoja kabla kozi haijaisha. Mama ndiye aliyewaelekeza wanawake waliomzalisha, mpaka wapi pa kukata kitovu.

Mama mkubwa aliporudi alikuwa na viatu vyeupe na cheti. Jambo la kwanza alilofanya ni kwenda kwa mwenyekiti kumwombea mama nafasi ya msaidizi. Akaambiwa hakuna fungu. Akaja nyumbani na daftari zake tatu zimejaa maandishi makubwa kama ya mtoto wa darasa la pili, akamwambia mama, "Nisomee, mimi mwenyewe siyaoni vizuri. Na kila unalosoma nitakuonyesha." Kuanzia hapo wakakaa pamoja kila jioni. Kwa miaka mingi mama aliitwa kuzalisha, mvua ikinyesha au jua likiwaka, wakati mkunga wa zahanati yuko kwingine. Nimekutana na watu wazima mjini Singida wanaoniambia, mama yako ndiye aliyenipokea. Jina lake halimo kwenye kitabu chochote cha zahanati baada ya ile siku aliyoacha.

Nilikuwa tayari mwalimu, nina watoto wangu, nilipokwenda kijijini kwenye sherehe ya kumuaga mama mkubwa akistaafu. Ilifanyika uwanja ule ule wa shule. Alipewa mabati, blanketi, na barua ya pongezi iliyosomwa kwa kipaza sauti kibovu. Mama alikuwa ameketi na wanawake wengine, akipiga vigelegele kuliko wote. Mimi nilikasirika, nikashindwa hata kupiga makofi.

Mama mkubwa alipopewa nafasi ya kusema, alisimama kwa shida, maana magoti yalikuwa yamemchoka.

"Mnamuaga mtu mmoja," alisema. "Tulikuwa wawili. Simama, mdogo wangu, wakuone."

Mama hakusimama. Alijifunika uso kwa khanga akicheka, wanawake wakimsukuma mgongoni, naye anatikisa kichwa, mpaka mshereheshaji akaendelea na ratiba.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi na yeye, jua likiwa limeanza kupoa. Nilimuuliza kama hajutii. Nilitegemea aniambie kwamba Mungu ndiye anayegawa, kama alivyozoea kusema. Hakusema hivyo. Alitembea hatua kadhaa, akasimama kutoa jiwe kwenye kandambili.

"Ile kozi," alisema, "ningeiweza."

"Najua, mama."

"Hujui. Ulikuwa mdogo." Akavaa kandambili yake. "Yeye alikuwa wa tatu darasani. Mimi ningekuwa wa kwanza."

Akanishika mkono, tukaendelea kutembea.