Kaka Aliponipeleka Naivasha

Kaka yangu alipiga simu nikiwa darasani. Nikakata, akapiga tena. Nilipotoka nje kuipokea alikuwa anacheka peke yake.

"Mdogo wangu, tafuta pasipoti. Tunaenda Kenya kuangalia mashindano ya magari, yale ya dunia. Naivasha. Mimi na wewe tu."

Nilimwambia nitaitafuta.

Tangu tupate ajali hatukuwahi kuzungumzia mashindano. Kaka ana gereji Ilomba, Mbeya, na kwa miaka kadhaa alishiriki mbio za magari za huku kwetu, za vumbi na matope. Mimi, mdogo wake wa kike, ndiye niliyekuwa msoma ramani wake, navigeta kama wengi wanavyosema. Navigeta anakaa kushoto kwa dereva na kumsomea njia kabla hajaiona: kona inayokuja ni ya upande gani, ni kali kiasi gani, mbele yake kuna nini. Katikati ya wiki nilikuwa mwalimu wa Kiswahili wa sekondari Iringa; wikiendi nilivaa helmeti. Niliipenda kazi ile kuliko nilivyothubutu kumwambia mtu.

Halafu ikatokea Mufindi. Tulikuwa kwenye barabara za msitu wa mipaini na mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Nilisoma, "Kulia kali, usikate," yaani asiikate kona kwa ndani. Nilisoma mapema, na nikarudia. Hakupunguza. Gari liliteleza, likapinduka, likagonga kisiki kwa upande wangu. Yeye alitoka na mikwaruzo. Mimi nilivunjika nyonga, na mpaka leo baridi ya Juni ikiingia nachechemea.

Nikiwa nimelazwa, watu walimuuliza ilikuwaje, akawaambia nilichelewa kusoma. Hilo nililisikia kwa Mama, aliyekuwa amekaa kando ya kitanda changu.

"Mwanangu, ulikuwa unawaza nini? Nusura umuue mwenzako."

Nilimsubiri kaka aje aseme ukweli. Alikuja na machungwa, akaja na blanketi, siku ya kuruhusiwa akanibeba mwenyewe mpaka kwenye gari. Ila hilo neno hakulisema. Na mimi sikumbana, kwa sababu nilitaka litoke kinywani mwake bila kusukumwa.

Kwa hiyo aliponiita Naivasha nilijua anataka kulisema. Au nilijidanganya kwamba najua.

Alitoka Mbeya na gari lake, akanipitia Iringa, tukashika barabara ya Dodoma. Njiani alinipigia stori za wateja wake wa Rujewa, wanaomletea pawatila, trekta zile ndogo za kusukuma kwa mkono, zikiwa bado na matope ya majaruba ya mpunga wakitaka zipone siku hiyohiyo. Nilicheka panapochekesha. Kila alipomaliza stori moja nilidhani sasa anaanza. Tulilala Babati, tukapita Arusha, tukafika Namanga, na stori zilikuwa zilezile. Pale mpakani afisa aliangalia pasipoti zetu, akauliza tunakwenda kufanya nini.

"Kuangalia magari," kaka akasema.

"Kwani kwenu hakuna magari?" afisa akacheka, akatugongea mihuri.

Vumbi la Naivasha si kama letu jekundu. Ni jeupe, laini kama unga, linaingia mpaka kwenye meno. Tulisimama kwenye mteremko pamoja na mamia ya watu, chini yetu kona ndefu iliyokunja kulia. Gari unalisikia kabla hujaliona. Halafu linatokea, na vumbi linafumuka nyuma yake. Ndani niliona vichwa viwili, kimoja kimeinuka, kingine kimeinama kusoma. Niligundua kwamba midomo yangu inacheza. Nilikuwa nawasomea watu wasionisikia. Kwa muda nilisahau yote, nyonga, hospitali, Mama. Nilifurahi kama zamani, na furaha hiyo ikanitia uchungu, maana sikujua kama ilikuwa bado ipo.

Gari moja liliingia kona ile kwa kasi kupita kiasi. Likatoka njiani, likabiringika, likasimama kwa matairi yake. Watu walipiga kelele, wengine wakateremka mbio kusaidia. Dereva na msomaji wake walitoka wazima, wakabaki wakitazamana.

Mzee mmoja wa Kikenya aliyesimama karibu nasi alitikisa kichwa. "Hapo navigeta amelala. Dereva hana makosa."

"Kabisa," kaka akasema. "Ukipata msomaji mbovu umekwisha."

Alisema bila kufikiri, kama mtu anayeitikia salamu. Nilimshika mkono nikamvuta pembeni.

"Kaka, pale Mufindi ulinisikia au hukunisikia?"

"Ah, jamani. Tumekuja kufurahi."

"Ulinisikia?"

Alijifuta vumbi usoni na kola ya shati. "Usinianzishie hayo hapa, mbele za watu."

Nilimwacha. Nikarudi pale mteremkoni nikaangalia mpaka gari la mwisho, na yeye akaangalia akiwa mbali nami, tumetenganishwa na watu tusiowajua.

Wakati wa kurudi hakukuwa na stori. Tulipoivuka Babati mvua kubwa ilitushika, akaegesha pembeni kwa kuwa wiper hazikuwa zinafua dafu. Akaongea akiangalia mbele, mikono yote miwili kwenye usukani.

"Nilikusikia. Nilisikia mara zote mbili. Niliona ninaweza kupita."

"Kwa nini ukasema vile?"

"Walikuwa wananiangalia wote. Wewe ulikuwa umelala, hujui kama utatembea. Ningemwambia nini Mama? Kwamba ni mimi?"

"Sasa mwambie."

Mvua ilipopungua akawasha gari.

Tulifika nyumbani kwa Mama, Kihesa, hapo Iringa, akiwa amerudi kutoka mazoezi ya kwaya. "Kamwene," alitupokea kwa Kihehe, akamkumbatia kaka kwanza. Alipika ugali na kuku, akamtengea kaka paja. Tukiwa tunakula akaniangalia.

"Umewaona lakini wanavyosoma wenzio? Umejifunza?"

Kaka alikuwa anamega tonge. Nilimpa nafasi. Alilichovya kwenye mchuzi, akala.

"Mama," nikasema, "mimi nilisoma mapema. Nilisoma mara mbili. Mwulize mwenyewe, yuko hapa."

Mama akamgeukia. Kaka akasema, "Mama, hayo yameshapita."

Mama aliangalia sahani yake. Alielewa, nilimwona akielewa. Kisha akaniambia kwa upole, "Mwache ale, mama. Ametoka mbali."

Nami nilikuwa nimetoka mbali. Niliinuka nikanawa mikono, nikachukua bodaboda mpaka kwangu.

Mwaka uliofuata kaka alirudi kwenye mashindano. Nafasi yangu aliichukua dada mmoja muuza vipuri wa Mbalizi, mama wa mtoto mdogo. Alitafuta namba yangu akanipigia.

"Shikamoo dada. Nataka kukuuliza, nikimsomea nimsomee mapema kiasi gani? Nisije nikakosea kama..." Akashindwa kumalizia.

Nilimwambia yote, ya Mufindi na ya mvua ya Babati. Nikasikia mtoto analia nyuma yake. Akashukuru. Sikumwambia apande gari la kaka wala asipande, na usiku kadhaa uliofuata sikupata usingizi vizuri kwa sababu hiyo.

Alipanda. Jumatatu baada ya mashindano alinipigia nikiwa ofisi ya walimu.

"Tumemaliza salama, dada. Tumekuwa wa mwisho. Watu wanamcheka kaka yako, wanasema amezeeka. Kila nikimsomea kona anapunguza, hata zile ambazo hazina haja. Mpaka nikamwambia, bosi, hii nyepesi, twende. Akasema hapana, umesoma, nimesikia."

Nikamwambia nimefurahi kwamba wamerudi wazima, na ilikuwa kweli. Tulipoagana niliweka simu juu ya madaftari ya wanafunzi, nikaendelea kukaa, nikiwaza kwamba ile "nimesikia" ilistahili kuwa yangu, pale Mufindi. Mwalimu mwenzangu akaniuliza kuna msiba gani. Nikasema hakuna, wote wazima. Kengele ikalia, nikachukua chaki nikaenda kufundisha.