Mkwe Wangu Ananiona Kupitia Kamera ya Sebuleni

Admin, nifiche vizuri, maana Kitale hii ni ndogo na nusu ya wateja wangu wako kwa hii page. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mitatu, mjane, fundi wa nguo, naishi Matisi na kuku wangu. Mwili ninao wa kutosha, na presha pia ya kutosha. Binti yangu wa pekee ameolewa Bungoma. Mume wake ni kijana mzuri, mtu wa kompyuta, ambaye hawezi kuona ukuta mtupu bila kutaka kuutundikia kitu chenye taa ya buluu.

Kabla hamjaniita mshamba, jueni vitu visivyo na waya navipenda. Spika yangu ndogo naibeba hadi bafuni. Zile earphone alizoninunulia binti yangu zimeniokoa kazini: simu iko mfukoni, mikono iko kwa cherehani, na mteja wa Saboti ananitajia vipimo bila mimi kusimamisha mguu. Ni kweli zimenitia hasara kidogo. Siku moja nilikuwa nampima mama fulani kiuno, binti yangu akapiga kuniuliza kuhusu mbuzi aliyemwona soko la Misikhu. Nikajibu kwa sauti, futi bado iko kwa kiuno cha watu, "Huyo amenona mpaka anatisha, chinja tu!" Yule mama alibeba kitenge chake na hajarudi. Kama unasoma, dada, nisamehe, nilikuwa nasema mbuzi.

Sasa kamera. Mwaka jana presha ilipanda nikaanguka dukani, majirani wakanikimbiza hospitali. Binti yangu alilia sana. Mkwe akatuma fundi aniwekee wifi na kamera nyeupe kama yai, huko juu kwa kona, inatazama sebule yote mpaka mlango wa jikoni. Binti akaniambia, "Mama, ni mimi tu nitakuwa nakuangalia." Nikakubali. Hata asubuhi nikipita na chai nilikuwa naipungia mkono.

Mwezi uliopita, Jumapili, nilitoka kanisani na jua lile, nikateleka maharagwe kwa gesi, nikavua gauni, nikabaki na petikoti, nikajilaza kwa kochi kidogo tu. Wenye mwili kama wangu mnajua hiyo kidogo tu huishia wapi. Nikashtuliwa na sauti ya mwanaume kutoka kwa kona.

"Mama! Mama, amka! Jikoni kuna moshi!"

Ilikuwa sauti ya mkwe wangu.

Wale wasio wa huku hawataelewa. Sisi Wabukusu, mkwe na mama mkwe ni watu wa kupishana njia. Tangu amuoe binti yangu hajawahi kuniona nikitafuna. Akija, najifunga leso mbili, tunasalimiana kwa mbali kama mabalozi. Na sasa ananitazama nimelala mdomo wazi, miguu huku na huku! Mungu anisamehe, sikukimbilia jikoni. Nilijitupa nyuma ya kochi kwanza. Nyumba inataka kuungua, na mimi natambaa kwa magoti nimejifunika vitambaa vya makochi, na ile sauti inasema kwa adabu zote, "Pole, Mama, mimi siangalii. Lakini zima gesi."

Nilizima. Maharagwe yalikuwa makaa, na taulo iliyokuwa kando ilikuwa imeshika moto. Sitadanganya mtu: kijana aliokoa nyumba yangu, na pengine mimi mwenyewe. Nikamtumia shukrani kupitia binti yangu. Halafu nikachomoa waya wa stima, maana ati ni kamera isiyo na waya lakini huo mmoja ilikuwa nao, ikafa macho.

Jioni binti akapiga. "Mama, kwani unataka kuungua?"

"Si ulisema ni wewe tu unaniangalia?"

"Simu yangu ilikuwa imeisha chaji. Lakini iko pia kwa simu yake, tangu mwanzo."

"Tangu mwanzo! Kumbe asubuhi zote hizo nilikuwa nampungia nani?"

Akajibu ati, "Hayo ni mambo ya zamani, Mama. Yeye anakuona kama mamake."

"Basi amwekee mamake. Mimi ni mama mkwe."

Akaanza kulia, na hapo roho ikaniuma. "Mama, mimi sina mwingine. Siku ukianguka uko peke yako, nani atajua? Ama irudi, ama uhamie kwetu Bungoma."

Jamani! Nimekataa kuonwa na jicho la plastiki, sasa nikalale nyumba moja na mwenye jicho! Nikamwambia aniletee ile saa ya mkononi inayopima mapigo na kumpelekea kwa simu. Moyo wangu wauone, petikoti yangu hapana. Na kamera waiweke nje, mkwe aangalie kuku. Binti akasema saa haiwezi kuona gesi. Hapo alinishika, lakini sikumwonyesha.

Jumamosi hii wanakuja wote wawili na fundi. Wananiletea kamera mpya, inageuza kichwa kama bundi na ina betri yake ndani, hakuna cha kuchomoa. Nimeamua. Nitawachinjia jogoo, mkwe nitamsalimia kwa heshima yake, lakini ndani ya nyumba niliyoijenga na marehemu hakuna kitakachopanda ukutani.

Wenzangu wenye wakwe, na ninyi mlio na wazazi wagonjwa mbali, nisaidieni mawazo. Je, hii ni kiburi cha mgonjwa, ama nyumba bado ni yangu? Hata wewe unayetaka kuniambia niikubali, sema, nitakusoma mpaka mwisho. Lakini ngazi yangu, ile fundi alipandia kuweka kamera ya kwanza, nimeshaipeleka kwa jirani, na jirani nimemwambia Jumamosi asafiri.